Mkono wa Bibi Skolastika

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii imekataa kunitoka kichwani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimekaa kwenye kibanda changu karibu na soko, hapa Morogoro mjini, nimeshika kitambaa, napaka vinyago rangi ya viatu ili ving'ae. Mbele yangu nilikuwa nimepanga vinyago saba vya bibi kizee, vyote sura moja: mgongo umepinda, mdomo hauna meno, nguo imechanika begani, na mkono mmoja umenyooshwa mbele, kiganja juu, kama mtu anayeomba. Vilipendwa mno. Wageni waliokuja kupanda milima walipita kwangu kwanza, ndipo waende kwingine.

Siku hiyo akasimama mbele ya kibanda mwanamke mzee, tenga la machungwa kichwani. Nikainua macho, nikamwona Bibi Skolastika, wa kwetu Kinole, kule milimani.

Ngoja nikueleze alikuwa nani kwangu. Sisi Waluguru ukoo, ule tunaouita lukolo, tunaufuata kwa mama. Bibi Skolastika alikuwa wa lukolo la mama yangu, kwa hiyo alikuwa bibi yangu kamili, ingawa hakumzaa mama. Nilipokuwa mdogo, mama alilazwa miezi mingi. Bibi huyu ndiye aliyenichukua. Nilikula chungu kimoja na wajukuu zake, nililala mkeka mmoja nao, na sikuwahi kusikia akisema kwamba mimi ni wa kuongezwa. Ungemtambua popote kwa sikio lake la kushoto: utotoni hereni yake ilinaswa na tawi, ndewe ikachanika, ikabaki na pembe mbili.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, Kosmasi."

Akashusha tenga lake mwenyewe, akakataa nimpokee. Akachukua kinyago kimoja, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye sikio la kushoto. Hapo mahali nilikuwa nimepachana kwa ncha ya patasi, kwa ustadi mkubwa, na nilikuwa najivunia.

"Mgongo umeupata," akasema. "Sikio umelipata. Na huu mkono ni wa nani?"

Nikaendelea kupaka rangi.

"Nakuuliza, Kosmasi. Umewahi kuniona nimesimama mlangoni kwa mtu nimefungua kiganja?"

Mwanangu, kulikuwa na majibu mengi mazuri siku hiyo, na mimi nikachagua baya kuliko yote. Nikasema, "Bibi, huyu si wewe. Hii ni sanaa tu, wewe huwezi kuielewa."

Akanitazama. "Kama si mimi, sikio langu limefikaje hapa?"

Wauza nyanya waliokuwa jirani wakacheka. Kicheko kile kikanichoma. Aibu ya kijana, mwanangu, haikawii kuvaa nguo za hasira. Nikamwambia, tena kwa sauti ili wasikie, "Bibi, unanizibia wateja."

Bibi akakirudisha kinyago mahali pake kwenye mstari, taratibu, akakinyoosha kisije kikaanguka. Mama mmoja wa nyanya akaja akamtwika tenga, naye Bibi akaenda zake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu nimekikwaa mara nyingi katika njia za milima ile, na sikumbuki hata jiwe moja. Ulimi nilijikwaa mara ile moja, na mpaka leo naukumbuka.

Usidhani nilianza kwa ubaya. Ufundi nilijifunza kwa mzee mmoja wa Kimakonde aliyehamia huku, akawa na karakana yake kando ya barabara ya Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza nilifagia vumbi na kunoa tezo tu. Mwaka wa tatu akaniambia nimeiva, akanipa patasi mbili ziwe zangu, akasema, "Mimi nachonga ya kwetu. Ya kwenu katafute mwenyewe." Neno kubwa hilo, lakini nililipokea kijuujuu. Nilidhani asili yetu ni kile ambacho mgeni anakipiga picha.

Kinyago cha kwanza cha Bibi Skolastika nilikichonga kwa mapenzi, Mungu ni shahidi wangu. Nilimchonga akipanda mlima na tenga, mgongo umeinama kama unavyoinama mgongo wa mtu yeyote kwenye njia za kwetu, awe mzee awe kijana. Kikakaa kibandani muda mrefu bila mnunuzi. Ndipo akaja bwana mmoja mchuuzi, tumwite Bwana Sefu, aliyekuwa akipeleka vinyago Dar. Akakishika, akakisifu, kisha akasema, "Kazi nzuri, mdogo wangu, ila mgeni haoni kitu cha kumgusa hapa. Mtoe hilo tenga. Mfanye anaomba." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha, na alijua kinachotoka na kisichotoka.

Nikachonga vingine, nikautoa ule mzigo kichwani, nikaunyoosha mkono. Vikachukuliwa vyote. Akarudi kutaka vingine. Safari hiyo nikaichana nguo. Safari nyingine nikayang'oa meno, ingawa Bibi alipungukiwa na meno mawili tu, na aliutafuna muwa vizuri kuliko mimi. Kila mara nilimpunguzia kitu yule bibi, na kila nilipompunguzia, mimi niliongezeka. Mtu huwezi kuliona jambo kama hilo ukiwa ndani yake. Unajiona unasonga mbele tu.

Baada ya ile Jumamosi nikaendelea na kazi yangu. Wiki zikapita. Siku moja mama yangu akashuka mjini, akafikia kwangu, akanywa chai yote mpaka ikaisha ndipo akaweka kikombe chini na kusema, "Bibi yako hashuki tena sokoni."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Akanisimulia. Vijana wa stendi walikuwa wamempa Bibi jina: Ombaomba wa Kosmasi. Kila aliposhuka kwenye gari na tenga lake walimwita hivyo, naye akajifanya hasikii. Kisha siku moja mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye nia njema, alimwona katikati ya soko. Alikuwa amenunua kinyago changu asubuhi ileile. Akalitambua sikio. Akafurahi, akamkimbilia Bibi, akamfungua kiganja, akamtilia noti, kisha akarudi nyuma hatua mbili ampige picha.

"Alisimama pale na ile noti," mama akasema. "Soko zima linamtazama. Mwanamke ambaye tangu amezaliwa hajala cha mtu bila kukilipia jasho. Akaenda nayo moja kwa moja kanisani, akaitia kwenye sanduku la sadaka, akarudi Kinole kwa miguu. Tangu siku hiyo matunda yake wanamshushia watu wengine."

Mama akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Mimi sikwambii la kufanya, wewe ni mtu mzima. Lakini nilipokuwa kitandani nisijue kama nitaamka, yule ndiye aliyekulisha."

Siku tatu nilijidai nina kazi nyingi. Ya nne nikafunga kibanda, nikapanda mlima.

Nilimkuta uani, mvua ya rasharasha inanyesha, yeye amekaa chini ya paa la jiko anamenya mdalasini. Kama hujawahi kuona kazi ile, basi ujue kwamba ni kazi ya mkono wenye akili. Unapitisha kisu kwenye tawi, unalegeza gome, unalivua zima bila kulipasua. Nikamwamkia. Akaitika. Akanisogezea kigoda na kisu cha pili.

"Kaa. Magome hayangoji."

Tukamenya mpaka jioni. Mimi nilikuwa fundi wa kuchonga, nimesifiwa mpaka Dar, na kila gome nililoligusa lilipasuka. Yake yalitoka mazima, marefu. Kila nilipofungua mdomo niseme lililonileta aliniambia kwanza nimalize tawi, kisha kwanza nile, kisha kwanza nilale kwani nimechoka.

Kesho yake asubuhi sikungoja ruhusa. Nikapiga magoti pale jikoni, nikasema, "Bibi, nimekukosea. Nilikwambia kile kinyago si wewe, na nilijua ni wewe."

Akauacha moto aliokuwa akiuchochea. "Hilo ndilo lililoniuma," akasema. "Kinyago ni mti, Kosmasi. Mti unaoza. Vijana wa stendi nao watakua, watachoka. Lakini wewe, niliyekupakata, ulinitazama usoni ukaniambia mimi simo."

Nililia, mwanangu. Sioni haya kukwambia. Aliniacha nilie mpaka basi, wala hakunibembeleza, maana machozi mengine ni dawa na dawa hairudishwi chupani.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Akakifungua magotini. Alikuwa mwana hiti. Labda wewe hujamwona. Ni kinyago kidogo cha mti, urefu wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, ambacho zamani msichana aliyewekwa ndani, yaani mwali, alipewa akilee: akioshe, akipake mafuta, akilaze, ajifunze kushika mtoto. Huyu alikuwa wa lukolo letu. Alipita kwa mama kwenda kwa binti, mama kwenda binti, na hakuna aliyejua tena jina la mtu aliyemchonga. Mti ulikuwa umekuwa laini na mweusi kwa mikono ya wasichana wengi.

"Mtazame," Bibi akasema. "Hana mikono. Hana miguu. Uso wenyewe ni kama haupo, ana kichwa tu na nywele zake zilizosukwa juu, na kifua. Mbona ukimwona unajua ni mtu wa heshima?"

Nikamtazama muda mrefu. Alikuwa amesimama wima. Basi. Kitu kidogo namna ile, na ungeona haya kumlaza kifudifudi.

"Sijui, bibi."

"Aliyemchonga alijua atapokewa na mikono ya watoto wetu. Wewe ulipokuwa unachonga, ulijua nitapokewa na nani?"

Miaka mitatu nilikuwa nimebeba neno la mwalimu wangu Mmakonde bila kuijua maana yake. Asubuhi ile, jikoni, moshi unaniingia machoni, nikalielewa. Watu husema mwacha asili ni mtumwa, nami nilidhani sijaiacha, kwa kuwa nilikuwa naiuza kila siku. Kumbe hata anayeiuza bila kuijua ameiacha.

Nikamwomba anikubalie nimchonge tena. Hakukubali upesi. Akasema, "Mti upo. Ule mfenesi wa nyuma ya jiko umeangushwa na mvua. Lakini patasi hutaigusa mpaka ujue ninavyosimama."

Nikakaa Kinole. Nilipalilia pilipili manga, nilibeba ndizi, nilitengeneza paa la jiko, na wakati wote nilimtazama. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote, lakini sikuwa nimemtazama. Niligundua kwamba alikuwa akiinama kwenye mlima tu. Akifika juu, pale njia inapokata kona, alilitua tenga, akaweka mkono kiunoni, akajinyoosha kidogo kidogo mpaka akasimama wima kabisa, akaangalia bonde lote la chini kana kwamba kuna mtu amemwachia alilinde. Alivuta pumzi. Kisha, usicheke, aliwatukana mbuzi wa jirani walioingia kwenye migomba yake, na kutoka hapo akaendelea na safari. Mikono yake ilikuwa na vifundo vinene, inanukia mdalasini hata siku ya Jumapili, na haikuwa mitupu hata mara moja: kama si kisu ni kuni, kama si kuni ni mtoto wa mtu.

Hivyo ndivyo nilivyomchonga. Wima, tenga limetuliwa miguuni, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili umeshika kisu cha kumenyea. Ule mti wa mfenesi una rangi ya manjano ukiwa mpya, ukikaa unaiva kuwa kahawia, kama ngozi. Urefu nilimfikisha kifuani kwangu. Kazi ilichukua miezi, na Bibi hakuniacha nifanye kwa amani. Kila jioni alikuja kukagua. "Pua yangu haijawahi kuwa ndogo hivyo. Unanipendekeza kwa nani?" Nikairekebisha. Meno hakutaka yaonekane, akasema hachekei watu asiowajua.

Siku nilipomaliza kupiga msasa akaizunguka sanamu mara mbili. Akasimama mbele yake, wanatazamana. Mimi moyo unadunda kuliko siku yoyote niliyosubiri mnunuzi.

"Haya," akasema mwishowe. "Huyu namjua." Kisha akaongeza, "Sasa mshushe mjini. Walionicheka hawakai Kinole."

Tulishuka naye Jumamosi, sanamu imefungwa magunia nyuma ya gari, Bibi amekaa mbele na dereva, amevaa kitenge chake cha misa. Nilikuwa nimevitoa vinyago vyote vya zamani kibandani. Nikaisimamisha sanamu pale, peke yake. Yule mama wa nyanya aliyemtwika tenga siku ile akaja, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama sanamu, na bila kufikiri akapiga goti kidogo: "Shikamoo, bibi." Kisha akageuka, akamwona Bibi Skolastika mwenyewe amesimama nyuma yake. Akashika kinywa. "Uuuh! Nimeamkia mti!"

"Marahaba," Bibi akamjibu. "Nimeipokea kwa niaba yake."

Kicheko kilichopigwa pale kilikuwa kicheko kingine kabisa. Watu wakaja, wakauliza, wakamzunguka. Bibi akauza machungwa yake yote kabla ya adhuhuri akiwa amekaa kando ya sanamu.

Ningependa kukwambia mambo yote yaliisha pale, lakini sitakudanganya. Lile jina la stendi lilimfuata bado, hapa na pale, na nilimwona akishtuka kila lilipotajwa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Bwana Sefu naye alikuja kuchukua mzigo wake, akaiangalia sanamu, akasema kwa ukweli kabisa, "Hii ni kazi ya maana, mdogo wangu. Ila mimi siwezi kuiuza." Nikamwambia vile vya bibi anayeomba sitavichonga tena. Akanipa mkono, akaenda kwa fundi mwingine na kinyago kimoja cha zamani kama kielelezo. Yule akakiiga, na wengine wakamwiga yule. Majuzi tu mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu: bibi kizee anayeomba, anauzwa mji wa mbali, na sikio la kushoto limechanika. Aliyemchonga pengine anadhani ule ni ufa wa mti. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na mengine unaishi ukiyatazama yanavyotiririka.

Nilipita miaka ya njaa baada ya hapo. Kisha polepole watu wakaanza kuja hapa Kilakala, kwenye karakana yangu hii nyuma ya nyumba. Huyu anataka nimchonge baba yake aliyekuwa mpiga ngoma, yule anataka mama yake mkunga. Mwenyewe akiwa hai, namfuata kwake, nakaa naye, nala naye. Kazi ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Wapo walioniambia, "Hapana, Mzee Kosmasi, huyu si mimi," nami nikaanza upya na gogo jipya. Bibi Skolastika aliishi miaka mingi baada ya hayo, akafa usingizini, na sanamu ya mfenesi iko kwa binti yake Kinole. Wamekuja watu kuitaka, wenye majina makubwa. Binti anawapa chai, anawasindikiza.

Sasa, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Leo wewe una simu mfukoni, na kwa simu hiyo unaweza kumchukua mtu sura yake kwa kufumba na kufumbua, upesi kuliko patasi yangu. Kabla hujamchukua mtu, muulize. Kuuliza si ujinga. Ukishamuuliza, mtazame mpaka umwone akiwa amelitua tenga lake, usimwone mlimani tu akiwa ameinama. Utakachokifanya akione yeye kabla ya mgeni, na akisema si yeye, mwamini. Usimpunguzie mtu kitu ili wewe uongezeke, hata kama anayekushauri ana sababu nzuri. Asili yetu isikuhangaishe kuitafuta mbali. Iko kwa watu waliokulea, nao hawataki uwapambe, wanataka uwaone. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usijitetee kwa maneno ya usomi. Panda mlima upesi, mkosewa akiwa bado hai na jiko lake bado linatoa moshi. Mimi, hata baada ya mama kuniambia, nilichelewa siku tatu, na hizo siku tatu bado zinaniuma.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usiomdhalilisha mtu. Akupe wazee wa kukukemea wangali na nguvu za kukukemea. Kazi ya mikono yako ipokelewe na watu wako bila wao kuinamisha vichwa, na wewe mwenyewe uzeeke ukiweza kuitazama. Haya, nenda salama, mwanangu, nenda kabla mvua ya milimani haijatelemka.